Uamuzi wa Mwisho wa Brestograd Kuhusu Bingwa wa Mabingwa

Napenda kuutangazia umma wa Serbia, pamoja na mataifa yaliyobaki nyuma, kwamba mjadala kuhusu nani ni mchezaji bora wa tenisi wa kiume wa nyakati zote umefungwa. Umefungwa rasmi, kwa muhuri, na Manispaa ya Brestograd, ambayo mimi, Živadin Lukić, ni Katibu wake. Mwenye maoni ya ziada abaki nayo nyumbani kwake.

Watu wasiojua kazi za serikali huuliza: kwani mjadala wenyewe ulikuwapo? Swali la kijinga, lakini nitalijibu. Hapa Brestograd hakuna aliyewahi kubishana juu ya jambo hilo. Kila mtu alijua mkubwa ni Wetu. Jina lake hatuna haja ya kulitaja. Ukisema "Wetu" hata mtoto wa kunyonya anageuza shingo kuitazama televisheni. Mswisi ni yule mwenye nywele nzuri. Mhispania ni yule wa udongo mwekundu. Wetu ni Wetu. Siku anayocheza fainali, Tihomir mwokaji huacha mikate ikaungua, na wateja hula ile mikate bila kulalamika.

Lakini Mheshimiwa Momir Pantić, Meya wetu, ni mtu anayeona mbali, hasa uchaguzi ukikaribia. Aliona kwamba jambo lisilopitishwa na kamati ni uvumi tu. Akaunda Kamati ya Kufunga Mjadala, na akaahidi kwamba atakayetangazwa mkubwa atasimamishiwa sanamu katikati ya mji. Sasa, katikati ya mji pana nafasi mbili: maegesho ya magari, ambayo ni ya shemeji yake Meya, na uwanja wa tenisi, ambao ni wa umma. Busara ikauchagua uwanja. Yaani ili kumuenzi mcheza tenisi mkubwa kuliko wote, tungeuvunja uwanja pekee wa tenisi tulio nao. Sioni cha kuchekesha hapo.

Sanamu yenyewe ilikwisha kuwa tayari. Ilitengenezwa na msimamizi wa harusi ya Meya, na kwetu msimamizi wa harusi ni zaidi ya ndugu wa damu, hivyo zabuni ingekuwa matusi. Ilitoka na mashavu ya Meya. Wataalamu walisema ni mwanga tu.

Akaja ofisini kwangu Bi Ljubinka, mwalimu wa tenisi, bila miadi, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Kaka Živadin, wasichana wangu watacheza wapi?"

"Watakuwa na sanamu ya kutazama, dada."

"Sanamu inarudisha mpira?"

"Usiniletee siasa hapa."

"Siasa gani? Wale watoto wanakuja kwa baiskeli kutoka vijijini, wengine raketi za kuazima. Udongo ule nimeumwagilia kwa mikono hii tangu marehemu mume wangu yuko hai. Mkiuvunja, mimi nitakuwa nani mji huu? Mjane mwenye filimbi?"

Macho yakamjaa machozi. Nikampa kitambaa cha ofisi, akakitumia vizuri, nikakipokea tena.

Ikajitokeza kasoro ndogo ya kiutaratibu. Kanuni inasema mjadala hauwezi kufungwa kama haukufunguliwa, na hauwezi kufunguliwa bila upande wa pili. Ilibidi apatikane mtu wa kusimama hadharani na kusema kwamba mkubwa si Wetu. Tuliutafuta mji mzima. Mfamasia alijilaza kitandani akijiandikia dawa mwenyewe. Padri alisema amefunga. Mtu mmoja aliyekuwa na kesi ya kuiba nguruwe tulimwahidi msamaha. Akatuuliza kama hatuna kosa lingine kubwa zaidi la yeye kukiri, lakini hilo hapana, ana watoto.

"Mpe Ljubinka," akasema Meya. "Mshahara anakula kwetu. Akikataa, ni utovu wa nidhamu."

Nilipompelekea habari alishika ukuta. "Mimi? Niseme Mswisi ndiye mkubwa? Mbele za watu? Kaka, mama yangu ana moyo mgonjwa!"

"Basi utamtetea Mhispania?"

"Mungu apishe mbali."

Mhispania akaondolewa katika hatua ya awali kwa kukosa viambatisho. Tukabaki na Mswisi.

Kikao kilifanyika Jumamosi ya joto kali, ukumbi umefurika mpaka ngazi. Mtu mmoja alithubutu kuomba madirisha yafunguliwe. Tulifungua moja. Mawili yangeleta upepo wa kupita, na kila Mserbia anajua kwamba upepo wa kupita umezika watu wengi kuliko vita. Tukakaa, tukachuruzika jasho, tukiwa na afya njema.

Meya alimtetea Wetu kwa hotuba niliyomwandikia mimi. Ilikuwa nzuri. Ilionyesha kwamba kati ya Wetu na Meya tofauti kubwa ni raketi. Watu walipiga makofi kila lilipotajwa neno "Wetu" na kukohoa kila lilipotajwa jina la Meya.

Kisha akasimama Ljubinka. Akanywa maji. "Mswisi," akasema, na bibi mmoja nyuma akajipiga ishara ya msalaba. "Mswisi ana mkono mwepesi. Na kwao, mtoto akitaka kucheza, nadhani uwanja anaukuta. Hawamjengei mtu sanamu juu ya uwanja. Mimi sina zaidi. Nisameheni." Akakaa, akajifunika uso.

Nilimwona Tihomir mwokaji akikuna shingo. Mjukuu wake wa kike ni mmoja wa wale wa baiskeli.

Meya akacheka. "Mmesikia mambo hayo? Katibu, ongeza kifungu: uamuzi wa leo ni wa mwisho, haukatiwi rufaa, na atakayeupinga hadharani, awe nani, atafanya kazi za umma kwenye viwanja vya michezo vya manispaa."

Nikamnong'oneza kwamba kiwanja kipo kimoja, na kinavunjwa Jumatatu. Akasema niandike tu, nisimfundishe kazi. Nikaandika, nikagonga muhuri.

"Haya," akasema, akisugua viganja. "Inueni mikono kwa Wetu. Mtainua kwa sababu nimesema, na atakayechelewa nitamkumbuka."

Ningependa historia ifahamu kwamba sentensi hiyo haikuwamo katika hotuba niliyomwandikia.

Mtu wa Brestograd mwombe figo, atakupa, na chakula cha njiani atakufungia. Lakini mwamuru avute pumzi, atajifia pale pale akikutazama machoni. Ni inadi tuliyonyonya ziwani, na hakuna wizara iliyowahi kuipatia dawa. Tihomir akasimama taratibu.

"Umesemaje, jirani?"

"Nimesema inua mkono, Tihomir."

"Kwa sababu umesema wewe?"

"Kwa sababu nimesema mimi."

Mwokaji akaugeukia ukumbi. "Mimi nimelia kwa ajili ya Wetu kuliko nilivyolia siku ya harusi yangu. Alipopoteza fainali ile, mke wangu alificha visu. Wetu angeniambia niruke mtoni, ningemuuliza upande gani. Lakini mkono huu, jirani, hauinuliwi na Momir Pantić." Akatazama dari. "Mungu anisamehe. Nampigia kura Mswisi!"

"Tihomir, una wazimu?"

"Mswisi!" akasema mfamasia, ambaye alikuwa amepona ghafla.

"Mswisi!" akasema yule wa nguruwe, machozi yakimtiririka.

Mikono ikainuka safu kwa safu. Wanaume wazima walikuwa wanalia kwa kwikwi, wake zao wamewashika viuno wasianguke, na mikono iko juu. Nimehudhuria mazishi mengi ya kiserikali. Sijaona majonzi kama yale. Ljubinka peke yake hakuinua mkono. Alikuwa anatutazama mdomo wazi.

"Wapumbavu ninyi!" Meya akafoka. "Mmejipiga wenyewe!"

"Tumejipiga," akasema Tihomir akipangusa pua, "lakini kwa mkono wetu."

Meya akaniamuru nifute kikao. Nikamwonyesha kifungu chake: wa mwisho, haukatiwi rufaa. Alikisoma kana kwamba kimeandikwa Kichina. Manispaa ilikuwa imemtangaza Mswisi, na sanamu ya Wetu haikuwa tena na mahali pa kisheria pa kusimama. Ya Mswisi hakuna aliyethubutu kuiagiza. Ile ya shaba ikalazwa kwenye stoo ya zimamoto, mashavu yakitazama ukuta, na Jumatatu wavunjaji walirudi walikotoka.

Habari zikafika Belgrade. Televisheni ikaja na gari lenye dishi la setilaiti juu, na mwandishi akamwekea Meya kipaza sauti mdomoni: ni kweli, Mheshimiwa, kwamba mji wako umemkana Wetu? Mimi nilisimama nyuma ya kamera nikimfanyia ishara ya kukaa kimya. Uchaguzi ulikuwa unakuja, angeweza kusema neno lolote lisilo na maana, na hiyo ndiyo kazi anayoiweza. Lakini naye ni mzaliwa wa Brestograd. Uso ukamwiva. "Mkubwa ni Wetu!" akapiga ukelele. "Jana, leo na milele! Na Kamati ikanywe maji ya mtaro!"

Mji mzima ulipiga makofi, lakini majumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Asubuhi yake nikampelekea hati ya adhabu. Sheria ni msumeno, na sahihi ilikuwa yake.

Sasa kila asubuhi Mheshimiwa Momir Pantić huvua koti, huumwagilia uwanja maji, kisha huburuta ule wavu wa kusawazishia udongo, suruali imekunjwa mpaka magotini. Watu huja na mbegu za alizeti, wakakaa kwenye uzio wakitema maganda.

"Jirani, anzia nje uingie ndani," Tihomir humwambia. "Usituachie mifereji."

"Tihomir, mwanaharamu wewe, hebu sema. Nani mkubwa?"

Watu wote hunigeukia. Mimi hufungua jalada langu.

"Mswisi," husema Tihomir kwa sauti ya mgonjwa.

"Mkubwa ni Wetu!" hunguruma Meya, mpaka njiwa wanaruka. Ni kosa jipya, nami huliandika. Wiki nyingine inaongezwa. Kwenye uzio hakuna anayesema kitu. Ila nimeona wazee wakivua kofia, na bibi yule wa msalaba huja mapema apate mahali karibu, kwa sababu mji mzima amebaki mtu mmoja tu wa kulitamka neno hilo kwa sauti. Akichelewa kulisema, wanamchokoza mpaka aseme.

Wiki iliyopita Meya alimwita Ljubinka pembeni, mpira wa maji mkononi, udongo mwekundu umempanda hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu, nimechoka. Zungumza na Katibu. Nitawajengea uwanja wa pili, nakuapia."

Ljubinka alitazama mistari, akatazama wasichana wakiegesha baiskeli, akapuliza filimbi.

"Uwanja wa pili ni wazo zuri sana, Mheshimiwa," akasema. "Lakini huo utaumwagilia saa ngapi?"