Kiti cha Kinyozi Mbele ya Dirisha Namba Nne

Tulieni, enyi mliojaliwa masikio! Wekeni vikombe chini, zimeni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwani habari niliyo nayo si ya wafalme waliotwaa miji, kazi ambayo kila mwenye jeshi na utovu wa adabu aliiweza. Ni habari ya Bingwa wa Wembe, kinyozi wa mtaa, Asiyemwaga Damu ila kwa Bahati Mbaya, aliyekwenda ofisini kwa miguu yake mwenyewe kusema kwamba amepewa zawadi.

Shujaa huyu alikuwa chini ya Mkataba. Miaka minne nyuma, madeni yalipomfika shingoni, aliketishwa na wadai wake mbele ya afisa, wakaafikiana alipe kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mitano, na kitakachosalia wamsamehe. Ilikuwa rehema kubwa, na kama zilivyo rehema kubwa, ilikuja na kurasa kumi na saba. Ukurasa wa kumi na mbili ulinena hivi: mdaiwa akipewa zawadi au akiangukiwa na bahati yoyote, aitangaze ndani ya siku kumi na nne. Ikizidi thamani ya laki moja, wadai wataichukua. Akiificha, Mkataba utavunjika, na madeni yote yatarudi pamoja na riba zake.

Ndipo shangazi yake, mjane wa kinyozi mkongwe, alipomzawadia kiti cha marehemu: kiti cha chuma, ngozi nyekundu, kinazunguka, kina pa kuegemeza kisogo. Kabla ya hapo Bingwa aliwanyoa watu juu ya stuli ya plastiki yenye ufa, iliyowahi kumbana mteja mmoja mahali pasipotajika, mteja akahama na ukoo wake mzima. Kiti kilipoingia, vichwa sita vilikuja siku moja. Bingwa alikipenda kiti kile mpaka akaona haya.

"Kifunike shuka, unyamaze," mkewe alimshauri. "Nani atakwenda kuwaambia?"

"Ee mwenzangu wa dhiki na faraja!" Bingwa alinguruma, sega mkononi. "Je, nimwogope kila anayekuja kunyoa ndevu, nikidhani ametumwa? Heri nipokonywe kiti kuliko kupokonywa usingizi!"

"Haya, nguruma. Wakikichukua usije ukanililia mimi."

Siku ya kumi na nne, saa za mwisho kabisa, kwa sababu mashujaa nao huahirisha, Bingwa aliazima toroli la mwashi, akapakia kiti, akalisukuma kuelekea ofisini. Mbele yake alitembea shangazi, kwa kuwa fomu ilidai sahihi ya mtoaji. Walivuka foleni ya watu ishirini na tisa, wakastahimili feni isiyozunguka na mlinzi aliyetaka kujua toroli lina kibali gani, hata wakafika Dirisha Namba Nne, penye Afisa, Mlinzi wa Muhuri, miwani moja machoni na nyingine utosini.

"Ewe mwenye muhuri!" Bingwa alianza. "Nimekuja bila kukamatwa, bila kuitwa, nikiwa na moyo mweupe..."

"Umepewa nini?"

"Kiti."

"Thamani?"

"Ah, kikuukuu tu, mheshimiwa. Ni chuma na..."

"Kikuukuu?" Shangazi alimsukuma kando. "Mwanangu, andika milioni! Kiti hiki wamekikalia wakurugenzi. Siku hizi hata uwe nayo hiyo milioni, hukipati!"

Kalamu ya Afisa ikainuka kama mkuki. Bingwa akamkanyaga shangazi mguu.

"Usinikanyage! Mimi simpi mtoto wa kaka yangu takataka."

"Mama, una uthibitisho wa bei?" Afisa aliuliza.

Hilo ndilo alilolingoja. Kutoka ndani ya mkoba alitoa risiti iliyokunjwa mara nane, aliyoitunza miaka arobaini, akaikung'uta dirishani. "Soma. Soma kwa sauti, wote wasikie!"

"Mia tatu," Afisa alisoma.

"Mia tatu nzima! Wakati huo ukiwa na mia tatu unaitwa bwana mkubwa!"

Fomu ya Afisa haikuwa na safu ya kuandikia "wakati huo". Ilikuwa na safu ya bei iliyo kwenye risiti, na kanuni haikumruhusu kuijaza vinginevyo. Akaandika, akasoma: "Mia tatu. Thamani hafifu. Kibaki kwa mdaiwa. Mama, weka sahihi hapa."

Ushindi ulikuwa umbali wa sahihi moja. Shangazi akaiweka kalamu chini.

"Hafifu? Mume wangu alishindia chai kavu mwaka mzima kwa kiti hiki. Siweki."

Bingwa alifungua kinywa atoe hotuba ya kutikisa kuta. Haikutoka. Alitazama ile ngozi nyekundu, na machozi yakamlenga, kinyozi mzima.

"Shangazi," alisema polepole, "wakijua thamani yake, watakichukua."

"Na wewe unaijua?"

"Naijua. Nakipenda mpaka naona haya."

Shangazi alimtazama. Kisha akaikamata kalamu, akaweka sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Muhuri ukashuka, paa! Ukuta wa ofisi haukuanguka, mlinzi hakupiga saluti, na mtu aliyefuata kwenye foleni alisema, "Basi tupisheni."

Nje, shangazi, miguu ikimuuma, alitoa noti mbili. "Shika, ulipe gari la mizigo, tupande sote."

Bingwa alipogeuka, alimwona Afisa dirishani, fomu mpya ya kutangaza zawadi mkononi, akingoja aone kama mkono utapokea.

"Rudisha, shangazi. Kaa kitini."

Hivyo na iandikwe katika historia ya mataifa, chini kidogo ya kutekwa kwa miji, kwamba siku hiyo Bingwa wa Wembe alirejea na mali yake yote kihalali, akimsukuma mjane juu ya kiti chekundu, juu ya toroli la watu, kilomita nne za kupanda mlima. Shangazi aliegemeza kisogo, akafumba macho.

"Hapa ndipo alipokuwa akinikalisha jioni," alisema. "Sukuma taratibu."

Bingwa alisukuma taratibu.