Filimbi Iliyotetemeka Kambini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vita! Kamande kaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, mbele ya watu sitini na wawili, kwamba muziki wa Balaraman umechuja. Balaraman! Mzee aliyetungia filamu za Kihindi miaka arobaini! Eti ngoma zake za mashine zinalia kama maikrowevu chakula kikiwa tayari. Kamande ni nesi wa Kikenya, anakaa Rooty Hill, hapa Australia, sinema za Kihindi kazijulia ukubwani. Sisi Warundi tulilelewa nazo kambini Tanzania, kwenye banda la video la Méthode. Nikamjibu kwamba muziki halisi hajawahi kuusikia. Kwenye kanda ya nyimbo aliyotupigia Méthode kabla ya filamu, filimbi ya ule wimbo wa Balaraman wa kuagana ilikuwa inatetemeka, inazama, inapanda tena kama mtu anayejizuia kulia. Hii ya mtandaoni imenyooka kwa sababu kampuni imeusafisha wimbo. Akataka ushahidi. Ataupata, tena wa kumtosha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda hospitali kumwona Méthode. Saratani ya ini. Daktari kamwambia binti yake, Diane, kwamba zimebaki siku, si wiki. Mikono imebaki mifupa. Nililia kidogo kwenye korido, nikajipangusa, nikarudi kumuuliza kama kanda ya kambini bado anayo. Anayo, iko kabatini kwa Diane. Naye akaniomba jambo moja. Jumamosi mchana Diane ana shifti asiyoweza kuikwepa, nije nikae naye, kwani anaogopa kufa peke yake. Nikamwambia, ndugu yangu, hilo halina mjadala.

Kwenye mlango wa wodi nimekutana na nani? Kamande, na sare yake. Kumbe ndiye anayemuuguza! Tumesalimiana kwa kidevu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeichukua kanda kwa Diane, nikaazima redio ya kaseti kwa Katembo, Mkongo mwenye duka la kunyolea Granville. Nikaweka kanda, nikafumba macho, nikasubiri kutetemeka. Filimbi imenyooka kama rula. Nikarudisha. Imenyooka. Mara sita! Katembo akasema mbona ni ileile ya kwenye simu. Nikamwambia anyoe watu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia Méthode nikamweleza janga la kanda. Akacheka mpaka akapaliwa, Diane akamnyang'anya simu akaniuliza nimemfanya nini baba yake. Kumbe ni jenereta ya banda! Kila petroli ilipokaribia kwisha, umeme ulishuka, kanda ikapunguza mwendo, filimbi ikatetemeka. Balaraman hakuhusika hata kidogo. Miaka thelathini nimelilia upungufu wa petroli!

Nilipompata tena nilimsihi asimwambie Kamande. Akasema hana nguvu za mambo hayo, ila kesho nisichelewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Kama jenereta iliweza kule, itaweza na hapa. Niunganishe redio kwenye jenereta, nirekodi, nitume kwenye kundi, niseme ndiyo kanda ya asili. Nani atajua? Katembo ana jenereta ndogo. Nikakadiria: saa sita naanza, saa saba namaliza, saa nane niko kwa Méthode.

Mashine ya Australia haina huruma. Petroli ya kikombe kimoja inakwenda tu, umeme haushuki. Nikapunguza. Ikazima. Nikaongeza, nikapunguza tena. Saa nane ikapita. Nikajisemea, Méthode mwenyewe atafurahi nikimpelekea wimbo wake kama ulivyokuwa kambini. Saa tisa na dakika kumi jenereta ikaanza kukohoa, na filimbi ikatetemeka. Vilevile! Nilisimama uani kwa Katembo, machozi yananitiririka, simu mkononi inarekodi.

Nilikuwa nimezima mlio. Nilipotazama, Diane alikuwa amepiga mara nne, Kamande mara mbili. Méthode kafariki saa tisa na robo.

Jumapili, 10 Agosti

Sikula. Kanisani sikwenda. Mimi ni mtu wa ovyo kabisa. Nimemwandikia Diane ujumbe mara tano, nikafuta mara tano. Jioni nikatuma ile rekodi kwenye kundi. Wote wanaweka picha za mishumaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumemzika leo, mvua inanyesha, baridi kali. Diane kanipa mkono akiwa anatazama kwingine.

Kamande kanivuta pembeni. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alisema shifti yake ilikuwa imekwisha, lakini hakuweza kumwacha mzee peke yake. Mzee aliulizia mara tatu kama nimefika. Kamande akamwambia niko njiani. Mwishowe mzee akaomba wimbo wa kuagana, Kamande akamwekea kwenye simu yake, akamshika mkono, na wimbo haujafika mwisho akakata roho.

"Alikuwa anakungoja, Égide," akasema.

Nimelia mbele ya watu, bila aibu. Rafiki yangu! Nikamshika Kamande bega, nikamuuliza:

"Ulimwekea upi? Huu uliosafishwa?"

Akautoa mkono wangu begani. Kisha akaenda kumshikia Diane mwavuli.

Niko kwenye treni sasa. Nimeshaandika kwenye kundi kwamba leo nimemuuliza Kamande swali la msingi, ana kwa ana, akashindwa kujibu.