Ubatizo wa Gari la Taka la Wayrapata

Fidencio Ormeño alisimamisha lori lake la kondoo kwenye uwanja wa Wayrapata, mji mdogo wa milimani, akatazama juu, akaona kiazi. Kiazi cha saruji, urefu mita sita, kimepakwa rangi ya dhahabu na kuzungushiwa taa. Akatazama chini, akaona taka. Zilikuwa zimepanda mpaka ngazi za kanisa, na mbwa wa mji mzima walikuwa wamenenepa.

"Mama, taka hizi hazizolewi?" alimuuliza muuza supu.

"Zizolewe na nini? Gari lilikufa mwaka juzi. Hela ya gari jipya ndiyo kiazi hicho unachokiona. Eti watalii watakuja."

"Wamekuja?"

"Alikuja mmoja. Akauliza choo kiko wapi. Nacho hatuna."

Mtu mwenye huruma angesikitika. Fidencio alisikia njaa, wala si ya supu.

Alikwishaziingiza mjini halmashauri mbili kwa mbinu moja. Huja na suti na barua yenye mihuri, akatangaza kwamba wafadhili wa Ulaya wanatoa magari matatu ya taka, bure kabisa, ila kuna kiushuru kidogo cha bandarini. Wakishalipa hawamwoni tena. Lakini habari husafiri, na siku hizi mameya wa milimani walitaka kushika kitu kwa mkono ndipo waamini. Haya, watashika! Alilipaka lori lake rangi ya kijani, akaandika ubavuni URAFIKI NA USAFI. Asubuhi atawakabidhi kama gari la kwanza, mchana atapokea ushuru wa mengine mawili, jioni atasema analipeleka kupimwa breki. Na hapo kwaheri.

Hatari ilikuwepo, aliijua. Lori lile lilikuwa kitu pekee alichowahi kukipata kihalali, kwa miaka kumi na moja ya kubeba kondoo. Bila lori, Fidencio alikuwa suti tu.

Wiki iliyofuata alipokewa na meya, Mama Eudocia Tacuri, mwanamke mfupi wa kofia pana. Kwa sababu za bajeti ofisi ilikuwa na kiti kimoja, na meya alikuwa amekikalia.

"Magari matatu! Bure! Mungu ametukumbuka, maana serikali ilishatusahau. Ushuru ni hela ngapi, soli elfu ngapi, mwanangu?"

"Elfu kumi na mbili tu, Mheshimiwa. Taslimu. Bandarini hawapendi makaratasi."

"Nani anayapenda!" Mama Eudocia akavuta droo, akaweka mezani bahasha iliyotuna. Mate yakamjaa Fidencio mdomoni. "Ila sheria imetukaba. Siwezi kulipia magari mawili kabla la kwanza halijaingia kwenye daftari la mali ya halmashauri. Saini hapa, na hapa, halafu niachie kadi ya gari."

"Kadi? Kadi ina jina langu, mimi kama wakala..."

"Basi tuache. Labda wilaya nyingine watakuwa na bahati." Bahasha ikaanza kurudi kwenye droo.

Fidencio akasaini upesi, akaiacha na kadi mezani. Karatasi ni karatasi tu, alijiambia. Funguo si ninazo mimi?

"Bado ubatizo," alisema Mama Eudocia.

Hapo hapakuwa na ujanja. Milimani kule hata bomba la maji halifunguliwi bila padri na baba wa ubatizo. Baba ndiye anayevunja chupa, na ndiye anayelipa bia, nyama na bendi. Kukataa ni kuutukana mji mzima, na mji mzima ulikuwa umeshajazana dirishani ukipiga makofi.

"Baba ni nani kama si wewe?" alisema meya.

Padri akanyunyiza maji. Mkuu wa polisi akatia saini kama shahidi. Fidencio akavunja chupa kwa nyundo ndogo yenye utepe, bendi ya watu kumi na wanne ikapuliza, na kila ilipopumzika ilimtazama yeye. Akanunua bia. Akanunua nyama ya nguruwe. Akaongeza bia. Bahasha itafidia, alijiliwaza.

Mama Eudocia akashika kipaza sauti. "Na sasa baba atamkabidhi funguo Nicanor, dereva wetu, aliyekaa miaka miwili bila gari!"

Watu mia nane walikuwa wanatazama. Fidencio akatoa funguo, akicheka kwa meno tu. Nicanor akaondoka na lori, na watu wakalikimbilia na ndoo, magunia na matenga ya uchafu.

Fidencio alimfuata meya mbio mpaka ofisini. "Mheshimiwa, ule ushuru!"

"Baraza limekaa. Limeona gari moja linatutosha. Tunabana matumizi."

"Na yale mawili?"

"Wape wilaya ya Collpani. Mwaka jana walilipia matatu, wanayasubiri mpaka leo. Wakikuona watafurahi mno! Nimpigie meya wao?"

"Usisumbuke, Mama. Ila lile gari lilitakiwa kupimwa breki. Niazime saa moja tu."

"Padri ameshalibariki, breki za nini?" Mama Eudocia akamtengenezea tai yake, kwa upole kabisa. "Kama una malalamiko, mkuu wa polisi yuko nje anamalizia nyama yako. Huna? Vizuri. Mwakani siku kama ya leo usikose. Baba wa ubatizo ndiye hununua matairi."

Kutoka Wayrapata mpaka barabara kuu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Fidencio alikuwa ameshatembea moja, viatu vya suti vikimng'ata, aliposikia injini aliyoijua kuliko sauti ya mkewe. Lori lilikuwa linakwenda dampo. Likasimama.

"Baba! Unatembea kwa miguu?" Nicanor alisikitika kweli. "Mbele pamejaa, panda nyuma. Angalia maganda, yanateleza. Soli mbili."

"Soli mbili za nini?"

"Nauli. Halmashauri haina hela ya mafuta."

"Nicanor, hili lori ni..." Saini zake zilikuwa daftarini, na shahidi alikuwa polisi. "Ni zuri," alimalizia.

"Zuri mno, baba! Injini imetunzwa kama mtoto. Aliyekuwa nalo alilipenda sana, nashangaa amewezaje kuliacha."

Fidencio akatoa soli mbili za mwisho, akapanda juu ya taka, machozi yakimtoka.