Nani Kamtaja Utingo?

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kuna mtu anavujisha riwaya yangu! Asubuhi Mama Deus, jirani yangu hapa Hasamba, kanisalimia vizuri tu, halafu akauliza kama utingo ameshakamatwa. Ndoo nusura initoke kichwani. Utingo ndiye muuaji wangu! Ndiye aliyemnyonga dereva wa lori kwenye foleni ya Tunduma, na hilo liko ukurasa wa mwisho kabisa. Hakuna binadamu aliyeuona. Hata Irene, binti yangu wa chuo kikuu (wa kwanza ukoo mzima, na akili kachukua kwangu), bado hajauchapa. Jumatatu ijayo anapeleka kitabu Mbeya kupigwa chapa. Kina mama wa usharika wameahidi kununua. Muuaji akishajulikana nani atanunua? Kitaishia kufungia maandazi.

Jumanne, 15 Julai

Uani kumejaa. Kina mama wamekuja kupukuchua mahindi. Kwetu ni kawaida, leo kwangu kesho kwako. Ila ya kwangu yalishaisha! Hawa wamekuja na magunia yao wenyewe, wamepanda nayo mlima, wakajipanga chini ya dirisha langu. Nimemuuliza Mama Deus kulikoni. Eti kwangu kuna kivuli kizuri. Kivuli! Na baridi hii ya Julai! Nikaelewa: napendwa. Nimeingia ndani kuandika. Kila aya namsomea paka wangu Inspekta, ndivyo tunavyofanya kazi. Akipiga miayo, nafuta.

Alhamisi, 17 Julai

Mtego. Nimebadilisha muuaji, sasa ni mjane wa dereva. Sijamwambia mtu. Nimefunga mlango kwa komeo, nikamsomea Inspekta peke yake. Dirisha nimeacha wazi, maana moshi wa jikoni ungetuua wote wawili. Jioni Mama Deus akapita na ungo wake, anatikisa kichwa: jamani yule mjane, na alivyogaragara msibani! Chai imenipalia. Tuliojua ni mimi na Inspekta tu. Na juzi Inspekta nilimkuta kwa Mama Deus anakula dagaa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemweleza Irene. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti mama, wewe ukisoma utadhani unahubiri, mpaka kwa Mzee Jairo ng'ambo ya bonde wanamlaani yule mjane. Mwanangu nampenda, lakini kusoma sana kumemchosha kichwa. Sauti yangu ni ya upole. Shuleni nilikuwa nasoma matangazo mbele ya shule nzima, na kipaza sauti hatukuwa nacho. Nimemkabidhi Inspekta kwa Mama Deus. Akale dagaa wake wa usaliti. Nimelia kidogo, lakini kwa siri.

Jumamosi, 19 Julai

Balaa kwenye kikao cha kina mama. Mama Mchungaji kauliza nani anataka kitabu. Hakuna mkono ulionyooka! Ikupa, mmoja wa wale wa magunia, kasimama na mtoto mgongoni, kasema mjane ana watoto wadogo, akifungwa atawalea nani, mwandishi? Mwingine akadai arudishwe utingo. Wa tatu akaruka: hapana, utingo kaonewa! Wamerushiana maneno kama vile marehemu ni shemeji yao. Mwishowe wamekata shauri: hawanunui mpaka nilete muuaji mwingine, na awe mtu ambaye hawakumdhania. Na Irene anaondoka keshokutwa!

Jumapili, 20 Julai

Nimeshinda! Dada yangu wa Isansa kanipa paka mzee, kiziwi kabisa. Gonga sufuria sikioni kwake, hageuki. Huyo hawezi kuuza siri, atauza nini? Tulipotoka ibadani nimeandika mwisho mpya: muuaji ni mpelelezi mwenyewe! Nimemsomea wote, mwanzo mpaka nukta. Kwa kuwa hasikii, imebidi nipaze sauti kidogo. Mama Deus na wenzake wako nje. Leo hawana hata gunzi moja, wamekaa tu kimya, masikini, mahubiri yalikuwa marefu. Nilipomtaja muuaji, huko nje vikalipuka vigelegele. Labda kuna posa kwa jirani. Nimewatandikia mkeka karibu zaidi na dirisha, wasiumie kwa baridi. Siri yangu iko salama.