Mawimbi Kumi na Moja

Jumatatu, 9 Juni
Profesa Ndesanjo katangaza: nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa fizikia ni moja tu. Ataipata mwenye kipimo bora cha kiwambo. Kiwambo chenyewe ni utando mwembamba, mdogo kuliko punje ya ulezi. Kinatetemeshwa, kinamulikwa kwa leza, kompyuta inachora vilima na mabonde ya uso wake. Eunike, mwanafunzi mwenzangu, keshapata mchoro safi. Wangu ni uji mtupu!

Baba kapiga simu kutoka nyumbani Olmotonyi, anakohoa. Kauliza siku hizi napima nini. Nikamwambia hataelewa, nikakata.

Jumatano, 11 Juni
Sheria ya maabara: simu zote kikapuni, mlangoni, maana meza ile inahisi hata kikohozi. Sheria za kina Eunike hizo. Nimeingia na yangu ndani ya soksi, nikapiga picha namba alizotega Eunike kwenye mashine, nikaisukuma soksi na simu yake nyuma ya leza. Nikapima saa nne hadi saa tano.

Loo! Mawimbi! Kumi na moja, yanapanda, yanatulia, yanapanda tena. Nimeyaita Mawimbi ya Sifaeli. Profesa kanipa mkono. Nimetoka nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Juni
Eunike kauangalia mchoro, kauliza kwa upole kama jana simu yangu ilikuwa kikapuni. Nikamjibu wivu haujengi. Kisha nikaikumbuka soksi, tangu jana iko nyuma ya leza.

Simu kumi na moja za dada Aikande, kati ya saa nne na saa tano. Ujumbe mmoja: Baba anakuulizia, pokea. Baada ya hapo simu za ukoo mzima. Baba alifariki saa tano na robo.

Kumbe kiwambo kilikuwa kinatikiswa na simu yangu. Nimekaa sakafuni. Eunike kaniletea maji, nikashindwa hata kumchukia.

Jumamosi, 14 Juni
Tumemzika karibu na mibuni yake. Mchungaji kasema marehemu alimtaja mwanawe msomi hadi mwisho. Shangazi Naipanoi kauliza, mbele ya watu, simu yangu ina kazi gani. Nimelia sana. Aikande hajanitazama.

Jumatatu, 16 Juni
Profesa kanipa pole. Anataka mawimbi yale yarudiwe kesho saa nne, mbele ya kamati, ndipo anipe nafasi. Eunike hajanisema. Shauri yake!

Nimeifua soksi. Nimempigia Aikande, nikamsihi anipigie kesho kuanzia saa nne, mara kumi na moja. Nisipopokea, asikate tamaa.