Utafiti wa Stesheni Iliyokutwa Imefungwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Utafiti wa Historia ya Stesheni Yetu. Wajumbe wa kamati ndogo inayoisimamia kamati hiyo. Mke wangu mpendwa, katibu wa zote mbili. Wadau, na nyinyi wananchi mliosimama kwa sababu viti vimekaliwa na mikoba ya wajumbe: hamjambo? (Makofi ya wajumbe.)

Kwa miaka mitatu, chini ya uongozi wangu thabiti, tumetekeleza mchakato wa upembuzi yakinifu ndani ya fremuweki shirikishi, na leo natamka kifua mbele kwamba utafiti umekamilika kwa asilimia tisini na nane nukta sita. (Sauti: "Mlifika stesheni lini?") Swali zuri. Siku ya kwanza tu nilimtuma dereva wangu, akaambiwa njiani kwamba stesheni imefungwa. Sisi ni watu wa taratibu, hatuvunji milango. Tukaamua kusubiri ifunguliwe. (Sauti: "Imefungwa miaka ishirini sasa!") Basi mnaona wenyewe tulivyo wavumilivu. (Vicheko.)

Namwona pale mama yetu, mjane wa marehemu stesheni masta. Shikamoo, mama. (Mjane: "Daftari la mume wangu liko wapi?") Tulia, mama. Nakumbuka ulivyolileta ofisini kwa machozi, ukitaka iandikwe kwamba siku mafuriko yaliposomba daraja, aliyekimbia na bendera nyekundu kuizuia treni ni yeye, si yule bosi wake aliyevishwa medali. Ulisema hakuna ushahidi mwingine duniani. Nakuhakikishia, daftari limetumika kikamilifu. (Mjane anaanza kusogea mbele.)

Historia hoyee! (Wajumbe: "Hoyee!") Subira hoyee! (Mke wake: "Hoyee!")

Kwa kumalizia, nawashukuru watafiti, ambao watateuliwa mara stesheni itakapofunguliwa. Nawashukuru wachapaji, ambao hawajapata cha kuchapa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama huyu, maana ofisi iliishiwa karatasi, na kurasa za daftari lake, kwa bahati nzuri zimeandikwa upande mmoja tu, ndizo zilizobeba hotuba hii. (Mjane amefika jukwaani. Ananyakua karatasi, anaigeuza, anasoma kwa sauti: "Saa tisa na dakika kumi. Daraja hakuna. Nimeisimamisha treni kwa bendera, peke yangu. Abiria wote wazima.")

Mama, nirudishie, tafadhali, huo ndio ukurasa wenye "asanteni kwa kunisikiliza."

(Makofi marefu. Si ya wajumbe.)