Chiriku wa Mzee Tahar na Mlio wa Pikipiki Yangu

Annaba, 14 Mei

Bwana Mokrane, Mwenyekiti mheshimiwa wa Chama cha Wafuga Chiriku wa mtaa wetu,

Nimeusoma kwa unyenyekevu uamuzi wenu wa tarehe 3, mlioubandika mlangoni mwa mkahawa, kwamba pikipiki yangu inalia kwiii na kuwaharibia sauti chiriku mnaowafundisha kuimba. Nimepigwa marufuku kupita nayo kichochoroni mpaka mlio upatikane na uondolewe. Jirani yangu Mzee Tahar, mwenye chiriku aitwaye Sultani, ameongeza adhabu yake mwenyewe: Fatiha ya posa yangu kwa binti yake Houria haisomwi mpaka pikipiki inyamaze. "Mkwe anayepanda mlango wa hamamu usiotiwa mafuta simtaki," alisema, na mkahawa mzima ukapiga meza kwa kicheko.

Houria nimemngoja miaka mitatu. Kwa hiyo mlio nimeutafuta kwa bidii, na kila hatua imo katika daftari langu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe 4 nilitia cheni mafuta. Tarehe 5 nilibadilisha breki, tarehe 6 beringi za gurudumu la mbele, tarehe 7 za nyuma. Tarehe 8 nilikaza nati zote, pamoja na moja ambayo hadi leo sijui kazi yake. Fundi Rezki alilala chini ya pikipiki saa nzima akatoka na jibu: "Kaka Nadir, chuma hiki kizima. Tufungue masikio yako, huenda nati zimelegea huko." Chama chenu, kilichoguswa sana na jambo hili, hakikutuma hata mjumbe mmoja wa kushika tochi.

2. Naisukuma pikipiki kwa njia ya nyuma, yenye ngazi themanini na mbili. Mama hunitazama dirishani. "Ungenunua punda, mwanangu. Punda akilia, angalau unajua pa kumpiga."

3. Tarehe 11 asubuhi niliifungua pikipiki yote, nikatandaza vipande juu ya shuka uani. Injini huku, magurudumu kule, cheni ndani ya beseni. Saa moja na robo mlio ukaja: kwiii, kwi-kwiii. Niliviangalia vipande. Vimelala. Nikainua macho, na kwenye roshani ya Mzee Tahar nikamwona Sultani tunduni, kifua mbele, akivuta pumzi ya kurudia. Alilia mara kumi na tisa kabla kahawa yangu haijapoa. Nilipomwita Mzee Tahar ashuhudie, alinijibu kutoka juu: "Ndege wangu ametoka katika nyumba ya heshima! Tabia hiyo kaiokota kwako!"

4. Hapo ndipo elimu ya chama inaponizidi kimo. Mnasema chiriku huiga anachosikia. Vyema. Lakini daftari langu linaonyesha kwamba pikipiki ilianza kulia tarehe 29 Aprili, siku tatu baada ya Sultani kuletwa mtaani. Miaka minne kabla ya hapo haikuwahi kutoa mlio wowote wa aibu. Nani basi kamwiga nani? Kwa heshima zote, naona pikipiki yangu ilikuwa na adabu zake mpaka ilipopata jirani mwanamuziki.

5. Houria amenitumia ujumbe: "Nadir, unaniposa mimi au unauposa mlio? Binamu yangu wa Skikda anakuja mwisho wa mwezi, na yeye ana gari." Nimesikia kuwa gari hilo halilii.

Kwa hiyo naomba, wala si mengi. Sultani apelekwe kwa fundi Rezki, akatiwe grisi panapostahili. Tundu lake liwekwe namba ya usajili nyuma. Akienda mkahawani, naye apitishwe kwenye zile ngazi themanini na mbili. Na chama kimthibitishie Mzee Tahar, kwa maandishi na muhuri, kwamba mimi ni mtu kimya na chombo changu ni kimya, ili Fatiha isomwe kabla ya mgeni wa Skikda kuegesha gari.

Wasalimie wajumbe wote, wake zao, na chiriku wao waliolelewa vizuri kuliko mimi.

Wako anayesukuma,
Nadir Zerrouki

Tanbihi, 17 Mei. Barua ilikuwa bado mfukoni mwangu jana, siku ya mashindano ya chiriku kuimba. Usiyasome ya hapo juu. Kama umeshayasoma, yasahau. Sultani kawa wa kwanza. Jaji aliyetoka Constantine alivua miwani akafuta macho: "Miaka thelathini nasikiliza chiriku, mwisho huu wa wimbo sijawahi kuusikia. Nani kamfundisha?" Mimi nikasimama. Bwana Mwenyekiti, mlio ule ni wa pikipiki yangu, umekuwa wa pikipiki yangu siku zote, na ukurasa wa tarehe 29 Aprili ninauandika upya jioni hii. Mzee amenikumbatia mbele ya watu akaniita mwanawe. Fatiha itasomwa Alhamisi, sharti Jumatano nipite na pikipiki chini ya roshani, kwani amenunua chiriku wa pili naye anataka aanze masomo. Nimeijaribu tangu alfajiri. Hailii kabisa. Kama chamani mna mtu anayejua kuharibu beringi kwa ustadi, nakusihi, mtume kabla ya Jumatano.